Mwezi utapatwa Bunia alfajiri ya Agosti 28: watu waambiwe sasa, si siku hiyo

BUNIA, Ituri. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 28 mwezi wa nane mwaka huu wa 2026, watu wa Bunia watakaoamka kwenda kuchota maji watauona mwezi mpevu upande wa magharibi, kule Mambasa, ukiwa umeanza kumegwa upande mmoja. Karibu na saa kumi na dakika 34 za alfajiri (4h34), kivuli kitaanza kuuingia. Kitazidi kuufunika kidogo kidogo kwa zaidi ya saa nzima. Na karibu na saa kumi na mbili asubuhi, jua litakapokuwa linatoka upande wa Ziwa Albert, mwezi utatua ukiwa bado mweusi, umebakiwa na ukingo mwembamba tu.

Hakuna mtu atakayedhurika na jambo hilo. Ni kupatwa kwa mwezi, na wataalamu wa anga walikwisha kulihesabu miaka mingi kabla, pamoja na saa yake na dakika yake. Lakini katika mji huu, ambao umepokea maelfu ya familia zilizokimbia vita, anga likibadilika bila watu kuambiwa chochote, wa kwanza kulieleza jambo hilo atakuwa mvumishaji. Ndiyo maana redio za Bunia, kamati za kambi, mapadri, wachungaji na mashehe wana kazi ya kufanya, na kazi hiyo ianze sasa, si asubuhi ya tarehe 28.

Tofauti na jioni ile ya 2025

Wengi wanakumbuka Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025. Jioni ile mwezi ulianza kufunikwa karibu na saa kumi na mbili na nusu (18h27). Kuanzia saa moja na nusu usiku (19h30) mpaka saa mbili na dakika 52 (20h52), mwezi wote ulikuwa ndani ya kivuli cha dunia, na pale mawingu yaliporuhusu ulionekana mwekundu kama udongo wa barabara ya Mahagi. Kabla ya saa nne usiku ulikuwa umerudi mweupe kama kawaida. Ilikuwa saa ya watu kukaa nje na kuzungumza. Aliyeogopa alikuwa na jirani wa kumuuliza, na mwenye subira aliuona mwezi ukifunguka mbele ya macho yake.

Safari hii mambo ni tofauti kwa njia mbili.

Kwanza, mwezi hautafunikwa wote. Kivuli kitachukua sehemu 93 kwa 100 za upana wake. Redio itakayotangaza kwamba mwezi utazimika kabisa itakuwa imesema uongo mdogo, na uongo mdogo wa redio hukumbukwa kuliko ukweli wake mwingi.

Pili, na hili ndilo kubwa, watu wa Bunia hawatauona mwezi ukifunguka. Kivuli kitafikia kilele chake saa kumi na mbili na dakika 13 asubuhi (6h13), wakati mwezi utakuwa umekwisha kutua. Atakayetazama ataona mwezi unakwenda chini ukiwa umekaribia kuisha, halafu basi. Mtoto atauliza: umeenda wapi? Mtu mzima asiyejua atajibu kwa hofu yake. Jibu la kweli ni jepesi: mwezi utaendelea kufunguka mahali ambapo watu wa Afrika ya Magharibi na Marekani watauona, na jioni ile ile ya Ijumaa, muda mfupi baada ya jua kutua, utachomoza Bunia ukiwa mzima. Jibu hilo lina nguvu likitolewa kabla. Likitolewa baada ya watu kukimbia, ni maelezo ya kujitetea tu.

Saa ipi hiyo?

Jambo linaloonekana dogo lakini linaloweza kuharibu kila kitu ni saa. Congo ina saa mbili. Bunia, Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi zinatangulia Kinshasa kwa saa moja. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda nayo inatangulia Bunia kwa saa moja. Kwa hiyo mtu wa Bunia mwenye redio ndogo ya mawe anaweza kusikia kituo cha Kinshasa kikisema 3h34, kituo cha Uganda kikisema 5h34, na jirani akisema 4h34, na wote watatu wakawa wamesema kweli.

Tena kuna saa ya Kiswahili na saa ya Kifaransa. Saa kumi ya alfajiri ya mama wa sokoni ni saa nne ya karani wa ofisi. Mtangazaji anayesema "saa nne" bila kueleza atawafanya wengine wangoje mwezi saa nne ya asubuhi, wakati jua limekwisha kupanda. Wengine wataungoja saa nne usiku, halafu watasema redio imewadanganya. Kila tangazo lazima liseme: ni saa za Bunia, ni alfajiri, kabla ya jogoo wa mwisho, kabla ya jua kutoka.

Hofu ya watu ina sababu

Kuna wanaocheka wakisikia kwamba mtu mzima anaweza kuogopa mwezi. Wanaocheka hivyo mara nyingi wanalala kwenye nyumba ya matofali yenye mlango wa chuma.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Familia zilizotoka eneo la Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017 zimejifunza kusoma usiku kwa namna ambayo mtu wa mjini hajui. Mbwa akibweka sana, wanasikiliza. Mbwa akinyamaza ghafla, wanasikiliza zaidi. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wahami ya Plaine Savo. Mwezi wa sita mwaka 2023, kambi ya Lala nayo ilishambuliwa usiku. Mama aliyetoka huko na watoto wake, akaamka alfajiri chini ya bashi na kuona watu wamesimama nje, wanaonyesha mbinguni na kunong'ona, hatauliza kwanza habari za sayansi. Atamfunga mtoto mgongoni.

Na mtu akikimbia gizani, hata kama anakimbia kivuli tu, hasara yake ni ya kweli. Mtoto anaweza kupotea. Mzee anaweza kuanguka kwenye mtaro. Sufuria na gunia la unga vilivyobaki ndani ya hema vitapata mwenyewe mwingine. Askari wa doria aliyesikia miguu mingi gizani naye ni binadamu, naye anaweza kushtuka. Halafu, jua likishatoka na watu wakiona kwamba hakuna adui aliyekuja, wataanza kumtafuta aliyesababisha. Katika mahali penye umaskini na misiba mingi, hakuna mtu aliye karibu zaidi na lawama kuliko mama mzee asiye na ndugu, au mtoto aliyeitwa mchawi na watu wa nyumba yake. Watu wa namna hiyo hawana uwezo wa kujitetea. Tangazo la redio lililotolewa mapema ni ulinzi wao pia.

Mwezi hauleti vita

Hoja inayosikika sana ni kwamba wazee waliona: kila mwezi ukipatwa, baya hufuata. Hoja hiyo isidharauliwe. Ijibiwe.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018, mwezi ulipatwa wote kwa saa moja na dakika 43, kuanzia saa tatu na nusu usiku kwa saa za Bunia. Siku tano baadaye, tarehe 1 Agosti 2018, serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Mangina, katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa huo ulifika mpaka Ituri, ukaua zaidi ya watu 2,200, na haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Mtu anayetaka kuunganisha mwezi na Ebola ana kamba yake tayari.

Lakini kamba hiyo inakatika upesi. Uchunguzi ulionyesha kwamba watu walikuwa wamekwisha kuugua na kufa katika sehemu za Mangina wiki nyingi kabla ya usiku ule wa Julai. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba wakati mwezi ungali unang'aa. Tena mwezi ule ule mwekundu ulionekana Nairobi, Kairo, Mumbai na miji mingi ya Ulaya, na huko Ebola haikufuata.

Ukweli ni mchungu zaidi. Katika mashariki ya Congo hakuna mwezi wa kalenda usiokuwa na msiba. Chukua tarehe yoyote, hesabu siku kumi mbele au nyuma, utakuta kijiji kilichochomwa, barabara iliyofungwa au ugonjwa uliozuka. Kwa hiyo mwezi ukipatwa siku yoyote ile, utakuta msiba karibu na kulaumiwa nao. Na usiku wa Plaine Savo mwezi haukupatwa. Haukuonekana kabisa, kwa sababu ulikuwa ndiyo kwanza unaandama. Waliofanya mauaji yale hawakungoja ishara ya mbinguni. Walikuja kwa miguu yao, na silaha zao zilinunuliwa na watu.

Kumlaumu mwezi kunawafaa sana wanaotakiwa kujibu maswali hapa chini.

Jambo lenyewe ni nini

Kueleza kupatwa kwa mwezi hakuhitaji maabara. Jioni moja kambini, mtu mmoja ashike tochi. Huyo ni jua. Wa pili asimame mbele yake. Kichwa chake ni dunia. Wa tatu ashike chungwa nyuma ya kichwa hicho. Chungwa ni mwezi. Chungwa likiingia kwenye kivuli cha kichwa, linakuwa jeusi. Likitoka upande wa pili, linang'aa tena. Hakuna kilichokufa na hakuna kilicholiwa.

Watoto watauliza kwa nini basi haitokei kila mwezi mpevu. Ni kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo, nyuzi 5 hivi, kwa hiyo mara nyingi chungwa linapita juu au chini ya kivuli. Watauliza pia kwa nini mwezi uliofunikwa huwa mwekundu. Ni kwa sababu hewa inayoizunguka dunia hupitisha mwanga kidogo wa jua na kuupinda mpaka ndani ya kivuli, na mwanga unaobaki ni ule mwekundu, kama anga la jioni jua likitua.

Ni lazima shule zisaidie, lakini tarehe 28 Agosti wanafunzi watakuwa bado likizo, maana masomo huanza mwezi wa tisa. Kwa hiyo mzigo mkubwa unabaki kwa redio, kambi, makanisa na misikiti.

Viongozi wa dini wasikae kimya

Katika makanisa mengi ya mji, mwezi mwekundu huleta maneno ya nabii Yoeli na ya kitabu cha Ufunuo. Mchungaji ana haki ya kuhubiri Maandiko. Lakini mchungaji anayejua kwamba tarehe 28 imehesabiwa miaka mingi kabla, akakaa kimya, halafu Jumapili ya tarehe 30 akasimama kusema alikuwa ameonyeshwa, huyo anauza kitu ambacho si chake. Waumini wamuulize kwa nini hakusema Jumapili iliyotangulia.

Waislamu wa Bunia wana mafundisho yaliyo wazi juu ya jambo hili. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume alilikataa jambo hilo: alifundisha kwamba jua na mwezi ni alama za Mungu, havipatwi kwa sababu ya kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake, na watu wasali. Swala ya kupatwa ipo mpaka leo. Alfajiri ya tarehe 28 itakutana na saa ya swala ya asubuhi, na siku yenyewe ni Ijumaa. Shehe akilitaja Ijumaa iliyotangulia, tarehe 21, watu wa msikiti wake hawatashtuka.

Mkristo na Mwislamu wanaweza kusali wakati mwezi umefunikwa. Kusali hakukatazi kujua saa.

"Kuna mambo makubwa kuliko mwezi"

Wengine watasema redio ina mambo mengine. Watu hawana chakula, maji ni ya kugombania, barabara si salama, na mashamba ya Djugu yanaota majani wakati wenyewe wanapanga foleni ya unga. Nani ana muda wa mwezi?

Jibu ni kwamba tangazo la mwezi linachukua dakika moja, na linaweza kujenga kitu ambacho mambo hayo yote yanakihitaji: imani.

Familia za wahami zimesikia tarehe nyingi. Tarehe ya kugawa chakula, ikasogezwa. Tarehe ya kuandikwa majina, ikarudiwa mara tatu. Tarehe ya amani, ya kurudi nyumbani, ya kufunguliwa kwa barabara. Tarehe hizo zilipopita bila kitu, watu walijifunza kwamba anayezungumza kwa kipaza sauti hasemi kweli. Ebola ilipokuja, somo hilo liligharimu maisha. Watu walikataa kuamini kwamba ugonjwa upo, wakaficha wagonjwa, na vituo vya matibabu vikashambuliwa. Si kwamba watu walikuwa wajinga. Walikuwa wamedanganywa mara nyingi.

Mwezi ni tangazo ambalo kila mtu anaweza kulipima kwa macho yake, bila kulipa kitu na bila kumwomba mtu ruhusa. Redio ikisema wiki mbili mapema kwamba kivuli kitaanza saa kumi na dakika 34 za alfajiri, na bibi aliyeketi mbele ya hema akakiona kinaanza, bibi huyo atakuwa na sababu ya kusikiliza redio hiyo itakaposema kwamba chanjo imefika, au kwamba maji ya kisima fulani yana kipindupindu.

Kwa sababu hiyo hiyo, tangazo liseme na mipaka yake. Mwezi wa nane ni wa mvua Bunia. Mawingu yanaweza kufunika kila kitu. Redio iseme hivyo: kupatwa kutakuwapo, lakini kuonekana kunategemea mawingu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mvumishaji anaishi kwa methali hiyo. Redio nayo iitumie kwa njia yake, iseme lijalo kabla halijaja, kwa saa zake na kwa kipimo chake.

Jua si kama mwezi

Jambo moja lisichanganywe. Kutazama mwezi uliopatwa hakudhuru macho hata kidogo. Mama mjamzito, mtoto, mzee, kila mtu anaweza kutazama mpaka achoke. Anayefungia watoto ndani kwa sababu ya mwezi anawanyima tu jambo la kuona.

Jua ni habari nyingine. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Huko Luxor, Misri, litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6. Bunia litamegwa sehemu ndogo tu, pungufu ya nusu, katika saa za adhuhuri. Hapo ndipo penye hatari. Mwanga wa mchana hautapungua kiasi cha mtu kutambua. Mtu atasikia kwa jirani kwamba jua linaliwa, atainua macho ahakikishe, na jua lililobaki litamchoma ndani ya jicho bila maumivu yoyote, kwa sababu sehemu ile ya jicho haina hisia ya maumivu. Atajua kesho yake, akishindwa kusoma.

Watoto watakuwa likizo siku hiyo pia, wako nje, wanauza karanga na kuchota maji. Waambiwe: si kwa macho matupu, si kwa miwani ya jua ya sokoni, si kwa filamu za picha za hospitali, si kwa kioo kilichopakwa moshi, si kwa kutazama ndani ya beseni la maji. Njia isiyo na gharama ni kutoboa tundu dogo la sindano kwenye kipande cha katoni, kulipa jua mgongo, na kutazama duara dogo la mwanga linaloanguka chini. Duara hilo litaonekana limemegwa. Chini ya mwembe, mianya ya majani itafanya kazi hiyo hiyo, na ardhi itajaa vipande vya jua vilivyomegwa.

Ituri si mgeni wa jambo hili. Jumapili tarehe 3 Novemba 2013, jioni, kivuli cha mwezi kilipita kaskazini ya Congo kikavuka kwenda Uganda, na Pakwach, mji ulio ng'ambo ya mpaka wa Mahagi, ulipata giza la mchana kwa sekunde chache. Watu walikuwa wamesafiri kutoka mbali kwenda kulisubiri. Waliopewa habari mapema walikwenda kuangalia. Hakuna sababu mtu wa Djugu au wa Irumu asipewe nafasi hiyo hiyo.

Tarehe za kuandika kwenye kalenda

Baada ya Agosti hii na jua la 2027, kuna tarehe mbili za mwaka 2028 ambazo viongozi wa mji wangefaa kuziandika sasa hivi. Alhamisi tarehe 6 Julai 2028, mwezi utamegwa karibu sehemu 39 kwa 100 za upana wake, kati ya saa moja na saa tatu na nusu usiku.

Ya pili ni nzito zaidi. Jumapili tarehe 31 Desemba 2028, mwezi utachomoza Bunia ukiwa tayari umefunikwa sehemu kubwa. Muda mfupi baadaye utafunikwa wote, na utakaa hivyo mpaka karibu saa moja na nusu usiku. Utakuwa umefunguka wote baada ya saa mbili na nusu. Ni usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya, makanisa yamejaa. Tena uchaguzi wa mwisho wa rais ulifanyika Desemba 2023, na muhula ni wa miaka 5. Kalenda ikifuatwa, usiku huo utaangukia katika siku za kura au za kungoja matokeo. Mwezi mwekundu juu ya nchi inayongoja matokeo utapata watu wengi wa kuutafsiri kwa faida yao. Wananchi ambao watakuwa wameona mwaka 2026 na 2027 kwamba mambo haya huenda kwa hesabu hawatanunuliwa kirahisi na tafsiri hizo.

Kazi ya wiki hizi

Yanayotakiwa ni machache. Kila redio ya Bunia isome tangazo fupi kila jioni kuanzia wiki mbili kabla, kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema, Kialur, Kilugbara na Lingala, kwa kadiri ya watangazaji ilio nao. Wakuu wa kambi wapite na kipaza sauti jioni ya Alhamisi tarehe 27, kabla watu hawajalala. Ofisi za mji na mitaa ya Mbunya, Nyakasanza na Shari ziwaarifu askari na polisi wa doria, ili wakiona watu nje alfajiri wajue wanatazama nini. Na mwenye simu yenye mega asitume picha ya mwezi mwekundu ya mwaka mwingine akisema ni ya leo.

Tangazo lenyewe linaweza kuwa hivi: "Ijumaa alfajiri, kuanzia saa kumi na nusu kwa saa za Bunia, mwezi utapatwa. Utafunikwa karibu wote, na utatua kabla haujafunguka. Si ishara ya vita wala ya ugonjwa. Hakuna haja ya kukimbia. Unaweza kuutazama kwa macho yako bila hatari. Mawingu yanaweza kuuficha. Jioni ya siku hiyo hiyo utauona tena ukiwa mzima. Mwambie jirani yako asiye na redio."

Sentensi hiyo ya mwisho isiachwe. Katika mahema mengi hakuna redio, au ipo na mawe yameisha. Habari itafika huko kwa mdomo, kama uvumi unavyofika. Cha muhimu ni kwamba ifike kwanza.